Sultani wa Miamba na Sponji ya Bi Hayat

Dereva hodari kuliko wote waliopata kuzaliwa Lamu ni jirani yangu Bwanamkuu. Habari hizi nimezipata kwa shahidi asiyechoka, naye ni Bwanamkuu mwenyewe. Kwamba hajawahi kushika usukani wa gari lolote, hilo si kosa lake. Vichochoro vya Langoni, mtaa wetu, vinapitisha punda mmoja, na punda wa pili husubiri. Gari ungelipitishia wapi?

Gari lake yeye linaingia kwenye kikapu cha sokoni. Ni gari la rimoti, lile la kupanda mawe. Halina mbio hata chembe, kuku akiamua hulipita, lakini likikutana na jiwe linaparamia polepole mpaka lifike juu, mradi vifaa vyake vimefungwa sawasawa. Alitumiwa na binamu yake Yassir aliyeko Mombasa. Akalipaka rangi ya dhahabu, akaliandika ubavuni SULTANI WA MIAMBA, na tangu siku hiyo sisi wa barazani hatukupata tena nafasi ya kuzungumza jambo lingine.

Ningeweza kuvumilia. Lakini akatokea Nasreen.

Nasreen ni binamu ya Safaa, mkewe Bwanamkuu, kwa hiyo ni shemeji yake. Anafanya kazi kwenye uwanja wa ndege wa Manda, anapima mizigo ya abiria. Naye ana gari la rimoti. La kwake ni jeusi, limekwaruzika kila upande, na watu wanaliita Kaa kwa sababu linavyotambaa ndivyo kaa anavyotambaa. Alasiri moja alipita mbele ya baraza letu, Bwanamkuu akiwa katikati ya hotuba, akasema kwa upole kwamba Jumamosi wenye magari watakutana Maweni, kule Manda wanakochimba mawe ya kujengea. Kama Sultani atapata nafasi, anakaribishwa.

Nafasi! Bwanamkuu alisimama. Akavua kofia yake, akainyanyua juu kila mtu aione.

"Nikishindwa na hilo Kaa," alisema, "wallahi kofia hii namvika punda, kwa mkono wangu mwenyewe."

Kofia ile si ya dukani. Ni kofia ya viua, imeshonwa kitundu kwa kitundu kwa sindano, na aliyeishona ni Bi Hayat wa Siyu, mama mkwe wake, akampa siku ya harusi. Bwanamkuu anaogopa vitu vichache sana duniani, na vyote vinaitwa Bi Hayat. Akizungumza naye kwa simu huzungumza amesimama.

Tulimsihi aufute usemi wake. Lakini kiapo kilishatoka, tena mbele ya watu wazima waliokuwa ndio kwanza wanatoka msikitini. Nasreen aliaga, akaenda zake. Ikawa sasa kofia ya mkwe iko kwenye magurudumu manne ya gari la rimoti, na matairi yenyewe yalikuwa yamelika.

Kazi ya kwanza ikawa kuchagua matairi.

Yassir alituma picha za aina mbili. Moja ilikuwa tairi laini, la mpira unaobonyea, lenye meno madogo yaliyokaribiana. La pili lilikuwa gumu, pana, lenye meno marefu kama la trekta. Akaeleza kwa sauti ya subira kwamba kwenye mawe watu hutumia lile laini, kwa sababu linalalia jiwe na kulikumbatia. Bwanamkuu akacheka mpaka akakohoa. Akatuambia sisi barazani kwamba tairi ni kama mtu, akiwa laini kila anayepita atambonyeza. Akaagiza yale ya trekta.

Nilipata kuyagusa matairi ya Kaa siku moja. Yalikuwa laini kama pembe ya mkate wa sinia. Nilimwambia Bwanamkuu hivyo, akasema ndiyo maana yataliwa.

Matairi yalipofika, ndani yalikuwa matupu. Bwanamkuu alidhani ametapeliwa, akampigia Yassir kwa hasira. Yassir akamweleza kwamba matairi haya hayajazwi upepo kama ya baiskeli. Ndani yake hutiwa sponji, nayo huuzwa mbali, na akitaka atamtumia. Lakini itachelewa. Akamwonya pia asitie sponji yoyote tu: ikiwa ngumu mno gari litarukaruka juu ya jiwe, ikiwa laini mno litalala ubavu, na ikiwa ni ya kunywa maji basi asilipeleke karibu na maji. Bwanamkuu alisikia mwanzo wa maneno hayo. Mwisho wake hakuusikia kwa sababu alishakata simu, anabonyeza mito.

Alibonyeza kila kitu nyumbani kwake. Mito ya kulalia ilikuwa ya sufi, akaitupa. Godoro lilikuwa limechoka. Kisha akabonyeza kiti cha Bi Hayat, akafumba macho kwa raha.

Hiki kiti lazima nikieleze. Kiko sebuleni, kimeegemezwa ukutani, na hakikaliwi na mtu yeyote ila Bi Hayat akija kutoka Siyu. Mgongo wake unamsumbua, kwa hiyo alijinunulia sponji nzuri kupita kiasi akaishonea mfuko wa maua. Na kwa kuwa siku ya kuisafirisha boti ilijaa sponji za watu wengine, mama wa watu akachukua wino mzito akaiandika jina lake ubavuni, herufi kubwa kubwa: HAYAT. Ikafika salama, ikavikwa mfuko wake, na jina likabaki ndani.

Bwanamkuu akaivua mfuko. Akachukua kisu cha kukatia samaki, akakata ubavu wa sponji ile kipande kirefu, akakizungusha ndani ya tairi, kikaenea kama kimezaliwa humo. Akakata na cha pili, cha tatu na cha nne. Jina la mama mkwe likagawanyika, lingine tairi hili na lingine tairi lile. Kwenye mfuko wa maua akashindilia makumbi ya nazi, akaupigapiga mpaka ukafanana na zamani ukiutazama kwa mbali.

Safaa alirudi akamkuta anafagia chembe za sponji. Alimuuliza kama amerukwa na akili. Bwanamkuu akamtuliza, akasema amekopa tu. Bi Hayat anakuja Jumatatu, mashindano ni Jumamosi, na Jumapili sponji yote itarudi mahali pake. Ndiyo maana matairi aliyapaka gundi kidogo tu, tone hapa na tone pale, yapate kufunguka kwa urahisi. Safaa akasema yeye hayumo, na kama ni kuulizwa atasema kila kitu. Mke mkweli ni neema, lakini siku nyingine!

Ikabaki kutafuta uzito wa magurudumu.

Gari la kupanda mawe lazima liwe zito chini, la sivyo linapinduka. Watu hubandika vipande vya risasi ndani ya rimu, ile risasi ya chubwi, ya kuzamishia mshipi wa kuvulia samaki. Hapana ubaya wowote. Ubaya ni kwamba Bwanamkuu hajui kuzungumza polepole. Aliteremka gatini, simu sikioni, akimhakikishia Yassir kwa sauti ya kusikika ng'ambo kwamba risasi anazo mfuko mzima, na Jumamosi zote anazipeleka Manda, na kwamba Nasreen ataipata.

Askari mmoja aliyekuwa anakunywa chai yake kwa amani akaiweka chini.

Alimwita pembeni. Akamwambia autoe mfuko taratibu. Zikatoka chubwi za kuvulia, na bado askari alitaka kujua huyo Nasreen ataipata nini. Basi Bwanamkuu akaanza kumweleza. Alieleza rimu, akaeleza sponji, akaeleza meno ya tairi na tabia za mawe. Chai ikapoa. Mwisho yule askari akamrudishia mfuko wake, akamsihi aende. Bwanamkuu anasema aliachiwa kwa sababu ya heshima. Mimi nilikuwepo, na sura ya yule askari haikuwa ya heshima.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe, na ni kosa la mtu wa kwetu tu, mtu wa bara hawezi kulifanya. Babu yake Bwanamkuu alikuwa nahodha. Kila nahodha anajua kwamba farumi, yaani yale mawe ya kutuliza chombo, ukiyarundika mbele umejitafutia balaa. Chombo kikiinama omo, yaani upande wa mbele, kila wimbi linaingia ndani. Mbele kuwe kwepesi kupande wimbi, uzito ukae nyuma, upande wa tezi. Bwanamkuu akachukua elimu hiyo ya bahari, akaitia kwenye gari. Risasi yote akaibandika magurudumu ya nyuma. Ya mbele hayakupata hata punje.

Nasreen alilitazama gari lile siku ya Ijumaa, akaninong'oneza kwamba litaanguka. Kisha kwa kuwa ana roho nzuri akamwambia na mwenyewe. Wenye magari haya uzito huuweka mbele, ili gari lisivutwe nyuma likiwa linapanda.

"Shemeji," Bwanamkuu akamjibu, "weye wayua mabegi. Mimi nayua zombo."

"Chombo chaelea, Bwanamkuu. Hili lapanda. Wewe ukipanda ngazi wainama mbele au nyuma?"

Bwanamkuu akasema mjukuu wa nahodha akipanda ngazi hainami popote. Nasreen akaniangalia mimi, nami nikaangalia paka.

Usiku huo akampigia simu Bi Hayat. Hakuna aliyemtuma! Akasimama wima katikati ya sebule, akamweleza kwamba mkwewe kesho anakwenda Manda kuwafunza watu kazi, kwamba visiwa vyote vitalisikia jina lake, na kwamba inasikitisha mama hatakuwepo kuona kwa macho yake. Bi Hayat si mtu wa maneno mengi kwenye simu. Akasema, "Haya," akakata.

Bwanamkuu akaichukua ile haya kuwa kwaheri. Kumbe ilikuwa ni haya ya nakuja.

Jumamosi baada ya sala ya Alasiri tukavuka Manda. Boti ilipokaribia ufuo, Bwanamkuu hakutaka kumbeba Sultani wake kama tungule za sokoni. Sultani hushuka kwa miguu yake, alisema. Akalitua kwenye maji ya magotini, akashika rimoti, na gari la dhahabu likatembea chini ya maji mpaka likatokea mchangani. Vijana wakapiga makofi. Rimu za magari haya zina vitundu vya kupumulia, na kupitia vitundu vile sponji ya Bi Hayat ilikuwa imekunywa bahari mpaka ikashiba.

Alipoliinua alishangaa uzito wake. Akatabasamu, akatuambia sasa limetulia.

Maweni palikuwa pamejaa watu. Wachimbaji walikuwa wamepanga mawe kama ngazi mbovu, na katikati ya mawe wamesimamisha vijiti viwili viwili. Gari lipite kati ya vijiti mpaka lifike jiwe la juu kabisa. Ukiligusa kwa mkono, umeshindwa. Pembeni alisimama punda wa kubebea mawe, anatafuna, na kila mtu aliyemtazama punda alimtazama na Bwanamkuu. Habari za kiapo zilishavuka maji kabla yetu.

Nasreen alianza. Kaa lake lilipanda bila haraka, matairi ya mbele yakibonyea na kuyashika mawe kama kiganja. Lilichelewa sana. Watu wengine walianza mazungumzo yao. Walipogeuka, Kaa liko juu, na Nasreen ameshaweka rimoti mkobani.

Bwanamkuu akajitokeza. Akaiweka sawa kofia yake, akamtua Sultani mbele ya jiwe la kwanza, na hapo hapo nikaona mwavuli wa kijani unakuja kutoka upande wa maji. Chini ya mwavuli alikuwa Bi Hayat. Boti yake ya kutoka Siyu ilipita Manda kushusha abiria wa ndege, naye akashuka nao, amtazame mkwewe. Wakampisha akakaa kwenye jiwe la mbele kabisa, mkono mgongoni.

Bwanamkuu akajinyoosha wima, kama anapozungumza naye kwa simu. Kwa sauti nyembamba akasema shikamoo. Bi Hayat akaitikia, kisha akauliza kwa nini punda anatazamwa vile. Kuna mtu akamweleza habari za kofia. Sitamtaja mtu huyo, ila nilikuwa nimekaa mahali pake.

Bi Hayat akaufunga mwavuli wake. Aliitazama kofia, akalitazama gari.

Sultani akaanza kupanda. Na kila gurudumu lilipokanyaga jiwe, sponji ilikamuliwa, na maji yakaruka kutoka kwenye vitundu vya rimu, chururu!

"Sultani anakojoa," mchimbaji mmoja akasema, bila hata kupaza sauti, na uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko.

Lilipanda jiwe la kwanza likikojoa. Likapanda la pili. Meno ya trekta yalikuwa yanateleza na kukwaruza, lakini lilikuwa linakwenda, na nakiri nilisogea mbele kulitazama. Mtu ni jirani yako, bwana! Nilimwona ameikumbatia rimoti yake, jasho linamtiririka chini ya ile kofia, nikajikuta namwombea.

Jiwe la tatu lilikuwa na mwinuko mkali. Sultani akainua mbele yake. Bwanamkuu akaguta kwa furaha, "Mwaona? Omo yapanda!" Omo ikapanda kweli. Ikapanda, ikaendelea kupanda, mpaka magurudumu ya mbele yakawa yanazunguka hewani hayana kazi, na risasi yote ya gatini ikavuta nyuma. Gari likasimama wima likiangalia mbinguni, likakaa hivyo kidogo kama linalosoma dua, kisha likaanguka chali. Likabingirika jiwe la tatu, la pili, la kwanza, na lilipofika chini ile gundi ya tone hapa na tone pale ikaachia. Tairi moja likachomoka kwenye rimu, likaviringika peke yake, likaja kuanguka mbele ya miguu ya Bi Hayat.

Ndani yake kikatoka kipande cha sponji. Kikajinyoosha polepole juu ya mchanga, kinachuruzika maji, maandishi juu.

Kilikuwa kimeandikwa HAYA.

Kicheko kilikatika. Bi Hayat aliinama kwa taabu, akakiokota kipande chake, akakikamua, akakisoma. Akageuka kumtazama mkwewe.

"Haya nimeiona," alisema. "Ile herufi T i wapi?"

Bwanamkuu akalitazama gari lake.

"I ndani ya tairi la pili, mama."

"Na kiti changu kina nini saa hii?"

"Makumbi, mama."

Nasreen, Mungu amlipe wema, alijaribu kumwokoa. Akasema kiapo kile kilikuwa maneno ya barazani tu, na ile kofia ni kazi ya mikono ya shangazi, haifai kupotezwa kwa mchezo. Watu wote tukaitikia kwamba ndivyo. Bwanamkuu akamtazama mama mkwe wake kwa matumaini makubwa sana.

"Mvike punda," Bi Hayat akasema. "Yeye hajanikatia kiti."

Basi akamvika. Kwa mkono wake mwenyewe, kama alivyoapa. Kofia ilikaa vizuri katikati ya masikio, ikaonekana ilivyo nzuri, kila kiua mahali pake, na punda akaendelea kutafuna. Ilikuwa mara ya kwanza kuona aliyeivaa amenyamaza.

Baadaye Bi Hayat aliichukua, akaikung'uta, akaitia mkobani mwake. Alisema itarudi kichwani kwa mwenyewe siku kiti kitakapokuwa na sponji nzima, tena mpya, tena nzuri kuliko ile. Mpaka leo iko Siyu. Bwanamkuu anatembea kichwa wazi, na Yassir anasema sponji iko njiani. Jioni ile nyumbani, Bi Hayat alikaa kitandani juu ya godoro, na Safaa akamkaribisha mumewe kile kiti cha heshima. Nilipita kuwasalimu. Jirani yangu alikuwa amekaa juu ya makumbi, ananyanyuka upande huu na upande ule, ananiambia hajambo kabisa.

Vipande vinne vya sponji vilioshwa, vikaanikwa kwenye kamba darini. Upepo uliigeuza ile T upande wa pili. Kwa hiyo aliyepita chini Langoni siku ile aliinua kichwa akasoma neno moja tu.

Tangu hapo hatuna shida naye barazani. Bado hujaribu. Husafisha koo, hunyoosha mkono, huanza, "Siku nilipokuwa Manda na Sultani wangu..." Basi mmoja wetu anaitikia, kwa adabu, kama mtu yeyote anavyomwitikia mwenziwe anayehadithia:

"Haya."

Naye huufunga mdomo, akaanza kutafuta viatu vyake. Hawezi hata kulalamika, maana tumesema nini? Muuza kahawa akimpa kikombe humwambia haya. Imamu akimaliza darsa husema haya. Mkewe akimwita kula, haya. Maskini, ana lugha moja tu, na neno lenyewe limo humo kila baada ya pumzi.